Setilaiti Sufuri Keringet

Leo nimejiaibisha, na sina wa kumlaumu.

Mimi ni mpima ardhi. (Mwaka wa tisa huu, mjue kabla hamjaanza kucheka.) Asubuhi nimefika Keringet kwa Mama Kiprono, mjane aliyeniita nigawanye shamba la marehemu mzee wake kati ya wanawe wawili, Kiprono na Kibet. Hao ndugu hawajaongeleshana tangu mazishi ya baba yao. Mmoja alikuwa amesimama kwa geti, mwingine kule kwa ng'ombe. Hata salamu zao zilipitia kwangu.

Nikatoa mashine ya kupokea setilaiti. Mgongoni ina tundu la betri, la kompyuta, na mengine mawili ya mviringo yanayofanana kama mapacha: moja la antena ya setilaiti, lingine la antena ya redio. Nikachomeka waya, nikakaza, nikawasha.

Setilaiti: sufuri.

Nikangoja. Sufuri. Watu wameanza kuniangalia. Sasa mtaalamu afanye nini? Nikakohoa, nikasema shida ni mabati. (Uongo mtupu.) Nikaonyesha nyumba ya kuku ya mabati hapo karibu, nikasema inazuia mawimbi, isongezwe.

Kiprono akajaribu peke yake, ikakataa. Kibet akatoka kwa ng'ombe polepole, akashika upande wa pili bila neno. Wakainua. Nikaangalia mashine: sufuri. Nikawaambia wasongeze tena kidogo. Mara ya tatu jogoo akachomoka, akapita katikati ya miguu ya Kibet, na Kibet akakaa chini kwa matope.

"Umeumia?" Kiprono akauliza.

"Sijaumia. Inua upande wako."

Wakainua tena. Hapo ndipo Mama Kiprono akanikaribia. Zamani alikuwa anaunganisha simu posta ya Nakuru, enzi za waya. Akaweka kidole mgongoni mwa mashine.

"Kijana, hiyo waya umeiweka kwa tundu ya redio."

Na kweli, imeandikwa hapo kwa herufi kubwa. Nikabadilisha. Setilaiti kumi na sita, papo hapo. Wale ndugu walikuwa bado wamebeba nyumba ya kuku. Wakaniangalia, wakaangaliana, wakacheka mpaka ikabidi waiweke chini. Nilitamani hiyo ardhi niliyokuja kupima inimeze.

Tukapima mpaka, tukaweka vigingi, na hakuna aliyebisha. Wakati wa chai nikamwomba mama msamaha kwa kuwachosha watoto wake. Akaniambia kosa langu aliliona tangu nilipokuwa nakaza ile waya.

"Na ukaninyamazia?"

"Nilikuwa nakuja kukuambia," akasema kwa sauti ya chini, akiwaangalia wanawe. "Lakini wakaanza kubeba pamoja."

Nikamalizia chai.

Basi chekeni, lakini polepole. Mkubwa wangu ofisini anajua tu kwamba leo kulikuwa na mawingu.