Ombi la Kuwazuia Watu Wasipige Risasi

Alder Fork, Montana
Jumatano, siku tatu kabla ya msimu wa kulungu

Ndugu Mhariri,

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba risasi ni kitu cha kupigwa. Nimefundisha sayansi katika wilaya hii miaka thelathini na minne, kwa hiyo niruhusu nieleze polepole. Risasi iliyopigwa haipo tena. Iliyowekwa ipo. Basi anayepiga ndiye anayeleta uhaba, na sisi tunaoweka ndio tunaoteseka.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Duka la Bi Darlene hupokea mzigo wa risasi kila Jumanne, na sasa ametangaza boksi moja kwa kila mteja. Sheria hii inanilazimisha kwenda na mke wangu Marlys, pamoja na mama mkwe, mwenye miaka tisini na mmoja, ambaye haoni vizuri hata sahani yake. Jana Bi Darlene alimuuliza mbele ya foleni nzima, "Na wewe Bibi, mwaka huu unawinda nini?" Mama mkwe akamjibu, "Nawinda kiti, mwanangu. Hujakiona kikipita?" Watu walicheka sana. Mimi sikuona cha kuchekesha. Tulirudi na maboksi matatu tu.

2. Jirani yangu Lyle Hofstad alikuta risasi za bunduki yake zimekwisha dukani, akanunua za saizi nyingine ili asirudi mikono mitupu. Sasa anatafuta bunduki ya kuzitumia. Nilimwambia, "Lyle, umenunua tandiko, ndipo unatafuta farasi?" Akasema, "Cheka tu, Orville. Si ulikuwa nyuma yangu, na ukachukua boksi la saizi hiyohiyo?" Ni kweli. Nilichukua kwa sababu yeye alichukua. Na bunduki yenyewe nimemtangulia kuinunua.

3. Klabu ya kulenga shabaha bado hupiga makopo kila Jumapili. Makopo, Mhariri! Naomba wilaya ipige marufuku ufyatuaji wa aina yoyote mpaka sisi wenye akiba tuwe na hakika kwamba inatosha. Nimejaribu kukadiria kiasi cha kutosha. Kila nikikikaribia, kinasogea.

4. Hili ndilo linaloniuma. Mjukuu wangu Signe, mwenye miaka kumi na miwili, amefaulu kozi ya usalama wa uwindaji, na Jumamosi ndiyo mara yake ya kwanza. Anayo bunduki ya marehemu baba yake. Huku kwetu hakuna anayeingia msituni kabla ya kuijaribu bunduki yake kwenye kibao cha shabaha, ajue inapiga wapi, na yeye hana risasi hata moja. Mama yake anategemea nyama ya kulungu kwenye friza mpaka Aprili. Nilimweleza mtoto kwa dakika hamsini jinsi mahitaji yanavyoweza kuzidi kilichopo sokoni. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Sawa, Babu. Lakini zote zimeenda wapi?" Nami nawauliza hivyohivyo serikali, viwanda, na wapiga makopo.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa yule mama wa matangazo ya vifo, ambaye huwaandika watu vizuri kuliko walivyokuwa.

Ni mimi, raia aliyevumilia vya kutosha,
Orville Tveit
Mwalimu mstaafu

Nyongeza: Marlys ameisoma barua hii akiwa amesimama. Alikwenda chumbani, akarudi na boksi la saizi ileile ya bunduki ya Signe. Anasema maboksi yamejaa chini ya kitanda tangu mwaka juzi, yanainua godoro, na ndiyo sababu mgongo unamuuma. Nimehesabu hadi sitini na manne, nikaacha kwa aibu. Mchana huu mtoto amepiga tatu kwenye kibao nyuma ya banda, na ya tatu imeingia katikati kabisa. Nilikuwa nikihesabu kwa sauti zilizobaki, mpaka Marlys akaniambia, "Orville, hebu ingia ndani."

Kwa hiyo, Mhariri, hoja zangu zote nne zifute. Chapisha salamu, na hili tu: msomaji, leo, kabla hujala chakula cha jioni, toa boksi moja katika yale uliyoficha, umpelekee jirani asiye nalo.