Theluji Juu ya Mlima wa Maboksi

Jumatatu, tarehe 4
Maonyesho ya chama chetu cha mifano midogo ni Jumamosi, ukumbi wa maktaba. Kazi ya mshindi itakaa mwaka mzima katika kabati la vioo pale mlangoni. Kabati hilo safari hii ni langu. Mlima upo tayari: maboksi, karatasi, gundi, na askari kumi na wawili wa plastiki, kila mmoja kimo cha ukucha wa kidole gumba. Kimebaki kitu kimoja tu, theluji. Sijawahi kuiona. Fundi Saa naye hajaiona, ila ameshinda miaka mitatu mfululizo kwa vilima vinavyoonekana kama vina mba. Eti ustadi.

Jumanne, tarehe 5
Nimeomba ruhusa kazini. Nimesema mjomba ana hali mbaya, na kweli, tulimzika mwaka juzi. Nikachanganya magadi ya kuokea na gundi ya seremala, nikapaka mlima mzima. Jioni theluji ikakauka, ikawa ya manjano. Mke wangu aliitazama kwa utulivu, kisha akauliza ni paka gani amepanda juu pale. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Jumatano, tarehe 6
Nimempelekea Fundi Saa saa yangu, ambayo haina ugonjwa wowote. Kibanda chake ni chembamba kama sanduku la viatu. Alipoinama na kile kilenzi chake jichoni, nikaona chupa ya unga mweupe unaometameta, imesukumwa nyuma ya birika. Ndivyo wachoyo wanavyoficha siri zao. Nikajaza leso. Akaniambia saa ni nzima, pengine ni mimi ninayechelewa. Hakutaka hata malipo. Maringo matupu.

Ijumaa, tarehe 8
Nimepaka gundi mpya na kunyunyiza unga wa Fundi Saa kwa chujio la chai. Mlima unang'aa. Askari wamezama hadi magotini, wanatia huruma. Mke wangu amesifu, jambo ambalo hajafanya tangu harusi. Akauliza ni kitu gani. Nikamjibu ni sayansi, asijisumbue.

Jumamosi, tarehe 9
Jaji alikuwa Muuguzi mstaafu, aliyeishi nchi za baridi miaka kumi na miwili. Akaanza na meza za mwanzo, polepole, kama anapima homa. Alipofika kwangu, mlima wangu ulikuwa na mstari mweusi kutoka kileleni hadi ukingo wa meza. Sisimizi. Kila mmoja amebeba chembe yake. Wanne walikuwa wanamvuta kapteni wa askari wangu.

Muuguzi akasema theluji ameiona ya kila aina, lakini hii ndiyo ya kwanza kuhama kwa miguu. Ukumbi ukacheka. Nikacheka nao, kwa heshima.

Fundi Saa akanisogelea, akaninong'oneza: "Ndugu yangu, ile ni sukari yangu ya chai. Naisaga ili iyeyuke upesi. Ungeomba tu, ningekupa na majani."

Akashinda yeye. Kisha, mbele za watu, akajitolea kunifundisha: unga wa marumaru, tabaka jembamba, subiri likauke siku nzima, ongeza lingine. Kusubiri! Kama hiyo ndiyo siri, hata jiwe lingeshinda.

Jumapili, tarehe 10
Nimetafakari kwa unyofu. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la wadudu. Pia nimekosea adui: Fundi Saa ni mtu mdogo mwenye mawazo ya birika. Mwakani nitatengeneza bahari, na bahari haina sisimizi. Jana Muuguzi alipofungua mkoba wake kutafuta kalamu, niliona ndani kichupa cha maji ya buluu, mazito, yenye kung'aa ajabu. Anakitumia kwa kazi gani, sikuuliza. Kesho nitakwenda kwake. Nitasema naumwa kichwa.