Modemu Isiyojua Kusalimu

Jumatatu, 5 Oktoba 1998

Maisha mapya yameanza leo. Mimi Tharsisi, karani wa zamani wa chama cha ushirika, nitakuwa mtu mkubwa hapa Kibondo kabla wiki haijaisha.

Asubuhi nilipita kwenye ubao wa matangazo sokoni. Tangazo bichi, gundi haijakauka! Shirika jipya la kuhudumia wakimbizi, lile lililopanga nyumba ng'ambo ya barabara kutoka kwangu, linatafuta Afisa Mawasiliano. Mmoja tu. Maombi yafike kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Mwenye kujua kompyuta atafikiriwa kwanza. Nilitazama kulia. Nilitazama kushoto. Nikalibandua. Sasa limo mfukoni mwangu na Fidele hatalisoma kamwe.

Fidele ni mpiga chapa wa misheni. Nilisoma naye. Alinishinda mitihani yote kuanzia darasa la tatu na mpaka leo anavaa tai hata akienda kununua chumvi.

Kutoka mlango wangu mpaka mlango wa shirika ni hatua mia mbili na kumi. Nimezipima. Mtu yeyote anaweza kuvuka barabara na bahasha, hata Fidele. Mimi nitatuma barua pepe! Anwani yao imeandikwa chini ya tangazo. Barua itaondoka chumbani kwangu, itafika Dar, itazunguka Ulaya, halafu itaingia ofisini kwao hapo ng'ambo. Watashika vichwa.

Kompyuta ninayo, masalia ya shirika lililofunga virago mwaka jana. Simu ninayo. Chama cha ushirika kilipokufa sikuona sababu ya kukizika na simu yake. Na modemu niliyoagiza, ya kuviunganisha viwili hivyo, imeshuka leo kwenye basi la Kigoma, mpya, ndani ya boksi, pamoja na namba ya kampuni ya intaneti ya Dar na neno la siri. Nimeipata kwa kubadilishana na kondakta. Nilimpa beberu. Beberu ni wa mke wangu, Pelagia. Nitamweleza wakati mwafaka.

Jumanne, 6 Oktoba

Umeme natumia wa Omary wa banda la video, waya umepita juu ya ua. Jenereta huwashwa saa tisa alasiri, filamu zinapoanza. Malipo yangu ni kuwatafsiria watazamaji filamu za Kichina kila Jumapili. Kichina sijui, ila na wao hawajui.

Saa tisa na dakika moja nilichomeka modemu. Taa nne. Mbili ziliwaka, mbili zikagoma. Kompyuta ikaandika kwa Kiingereza kwamba haisikii mlio wa simu. Nikaipuliza. Nikafuta nyaya kwa mafuta ya taa. Nikaigeuza modemu ielekee Dar. Bado haisikii. Nikaipandisha juu ya bati ndani ya ungo wa Pelagia. Fidele akapita, tai shingoni, akauliza naanika nini. Nikasema dagaa. Akanitakia jua jema.

Pelagia alisimama mlangoni akasema kwamba simu hii haijawahi kuwa na mlio tangu iingie nyumba hii. Unazungusha mkono wake, Mwajabu anapokea kule kituo cha simu, unamwambia unamtaka nani. Nikamwomba asiingilie mambo ya kitaalamu. Akauliza beberu wake yuko wapi. Nikajibu yuko malishoni. Si uongo. Sikusema malisho ya nani.

Jumatano, 7 Oktoba

Nimefanya ugunduzi mkubwa, peke yangu. Simu hii haina mlio! Unazungusha mkono, Mwajabu anapokea. Pelagia alicheka sana nilipomweleza, sijui kwa nini.

Bi Mwajabu ni opareta wetu. Miaka kumi na sita yuko kwenye kiti kile mbele ya swichibodi, anachomoa waya hapa anachomeka pale. Nilizungusha, nikaamuru Dar haraka. Akasema lazima apitie Kasulu, Kasulu wamwite Kigoma, Kigoma wamwite Tabora. Dakika arobaini! Dar ikapatikana. Nikahamisha waya kutoka kwenye simu kwenda kwenye modemu. Modemu ikapiga ukelele wake. Kimya. Imekatwa.

Nikazungusha tena. Mwajabu akaniambia kuna mtu anapiga mayowe kwenye laini yake na amemkata. Nikamweleza kwamba huyo ni modemu. Tukarudia, akakata. Tukarudia, akakata. Opareta wa Kasulu naye ameuliza kama Kibondo leo tunachinja nguruwe.

Mwajabu hana aibu. Alisema mtu akiingia kwenye laini husalimu kwanza, na yeye hajawahi kumuunganisha mtu asiyesalimu, awe mkuu wa wilaya au mlevi. Nikamwambia Ulaya mashine hazisalimu. Akasema basi wakaniunganishe Ulaya. Na mimi mwenyewe, akaongeza, nimezungusha mara nne leo na sijamuuliza hata ameamkaje.

Saa kumi na nusu akafunga swichibodi. Nina hasira mpaka ugali haukupita.

Alhamisi, 8 Oktoba

Diplomasia. Nimechukua chupa ya asali kabatini (ya Pelagia, ila nyumba ni moja) nikaenda kituo cha simu mapema. Nikasalimu kama mtu anayeposa. Mwakeye, bi Mwajabu. Habari za nyumbani. Habari za watoto. Maharage yamekubali? Na mama mzaa chema kule Mabamba, mguu umepona? Mguu haukupona. Nikasikiliza habari za mguu kwa nusu saa.

Mwisho akalainika. Akaniita baba Winnie, jina la heshima, kwa ajili ya binti yetu anayesoma Kasulu. Akasema mimi nitasalimu kwa niaba ya modemu, naye atawaonya wenzake wa Kasulu, Kigoma na Tabora wasishtuke.

Ili aone uzito wa jambo, nilimfungulia moyo. Nikamwonyesha tangazo lenyewe. Akalisoma polepole, mara mbili, kidole kikifuata mstari. Akauliza huyo Afisa Mawasiliano hasa anafanya nini. Nikamweleza vizuri. Anapokea ujumbe, anaunganisha watu na watu, anajua Kiha na Kirundi na Kiswahili, ana uvumilivu, na anatunza siri. Akauliza kama kompyuta ni lazima. Nikamwambia wala, wameandika tu kwamba anayejua atafikiriwa kwanza, mengine watafundisha. Akauliza mwisho lini. Kesho saa kumi. Akaomba karatasi ibaki kwake, aitazame vizuri. Nikamwachia. Mwanamke mwema! Nilimkosea kumdharau.

Saa tisa na nusu, muujiza! Taa zote nne zimewaka! Modemu ya kwangu na modemu ya Dar zinapigiana kelele kwa furaha, zinakaribia kuelewana. Laini mbovu, zinakwenda taratibu kama konokono, ila zinakwenda. Nilipiga magoti. Halafu nikasikia sauti ya Mwajabu ndani ya kelele: dakika tatu zimekwisha, mnaendelea? Mnaendelea? Modemu haikujibu. Akakata.

Nikazungusha kwa machozi. Akasema ndiyo kanuni, kila dakika tatu anauliza, asiyejibu amekata roho au ameondoka. Nilijaribu mara ya pili. Zilipofika dakika tatu nikachomeka simu ili niseme tunaendelea. Kuchomeka tu, modemu imekufa. Nikimwacha aulize, anakata. Nikimjibu, najikata mwenyewe!

Ijumaa, 9 Oktoba

Siku ya mwisho. Usiku nilipata mpango. Pelagia akae kituoni kando ya Mwajabu. Kila dakika tatu Mwajabu atakapouliza, Pelagia aitikie kwa niaba ya modemu.

Nilimweleza Pelagia. Akasema maombi yangu, kurasa kumi na moja, yako pia mezani, yameandikwa kwa mkono. Akasema nivuke barabara tu. Akasema yeye mwenyewe yuko tayari kuvuka, hata sasa, hata na unga mikononi. Mwanamke hana upeo! Nikazifungia zile kurasa kwenye sanduku la bati na ufunguo nikautia soksini. Akapangusa unga mikononi. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba tangu chama kife hatujawahi kumlipia Winnie karo kwa wakati, na kama kazi hii itanipita kwa ajili ya kiburi hatanisamehe. Nikasema ego, ego, sawa, nenda kituoni. Akaenda.

Saa tisa, jenereta ya Omary ikanguruma. Nikazungusha. Aliyepokea ni Pelagia! Mwajabu ametoka kidogo, akasema, amemwachia kiti. Ametoka na bahasha. Nikamwambia sikuuliza habari za Mwajabu, ninataka Dar. Akasema hajui tundu la Dar.

Nikachungulia dirishani. Kweli, Mwajabu yule pale, kavaa kanga mpya, anavuka barabara, anaingia kwa shirika. Nilipiga kelele kwamba arudi kazini, nina simu ya maana. Akanipungia mkono kwa adabu. Nadhani wana laini mbovu na wamemwita. Watu wengine hawana mpango na saa za kazi.

Saa kumi kasoro kumi akawa kitini. Tukasalimiana upesi upesi. Kasulu, salamu. Kigoma, salamu. Tabora walikuwa na msiba, pole nyingi. Saa kumi kasoro nne Dar ikaitika. Taa nne! Zikaelewana! Kurasa zikaanza kuondoka. Wa kwanza umekwenda. Wa pili. Wa tano! Wa nane! Sauti ya Mwajabu: dakika tatu, mnaendelea? Nikafumba macho nikimngoja Pelagia aseme neno moja.

Baadaye ndipo nimejua kwamba Pelagia alikuwa amekaa karibu na kondakta wa basi la Kigoma, aliyekuja kupiga simu yake. Kondakta alikuwa anamshukuru kwa beberu. Nyama laini sana, alisema.

Nikasikia ndani ya kelele, wazi kabisa: hatuendelei.

Jumatano, 14 Oktoba

Kazi amepata Mwajabu.

Pelagia ameileta habari hii kutoka sokoni, pamoja na ndizi. Mkuu wa ofisi ya shirika, mama Consolée, amewaambia watu kwamba alishangaa. Tangazo walibandika Jumatatu alfajiri, na wilaya nzima imeleta maombi mamoja tu. Angekuja mtu wa pili wangewapima wote wawili. Hata asiyejua kusoma, kama angeleta maombi, wangempima. Basi wakampa aliyekuja, na baada ya kumhoji wamefurahi mno, maana anajua watu wote na sauti zao.

Pelagia aliyasema haya akimenya ndizi, bila kunitazama. Halafu akaweka kisu chini akalia. Nikachukua kisu nikamalizia ndizi. Barua ya shule ya Kasulu iko juu ya kabati tangu Septemba.

Jioni Fidele alikuja na tai yake kunipa pole. Akasema lau angejua kuna nafasi naye angeomba. Angalau Fidele hakuipata. Nimeushinda mpango wake kabisa.

Jumatatu, 19 Oktoba

Mungu si Athumani! Kiti cha Mwajabu pale kituoni kiko wazi tangu Alhamisi. Leo wamebandika tangazo ubaoni. Anatakiwa opareta, mvumilivu, mwenye kuijua simu. Barua ziletwe kwa mkono dirishani, au zitumwe makao makuu.

Nimelibandua, bila shaka. Kulia, kushoto, mfukoni.

Pelagia amesema niandike sasa hivi, atakwenda nami, dirisha liko nyuma ya soko tu. Ameshanipigia pasi shati. Nimemweleza kwa upole kwamba mtu anayeomba kazi ya simu hawezi kufika kwa miguu. Watamwelewaje? Makao makuu wana barua pepe. Nimeongeza sifa zangu mpya kwenye maombi na kuchomeka modemu. Pelagia amechukua shati akalirudisha sandukuni.

Tangu saa tisa nazungusha simu. Nimesalimu vizuri kabisa, hata kabla ya kupokelewa. Hakuna anayepokea. Saa nzima! Hakuna hata anayekohoa! Kituo hiki kimeoza tangu Mwajabu aondoke. Kinahitaji mtu makini, na upesi. Nimeliandika hilo pia, ukurasa wa kumi na mbili.