Kiingereza cha Kukatakata

Jumatatu, 3 Machi. Mbale.

Nafasi imetoka Jinja! Gereza la huko linataka askari wa kupokea wageni wa ng'ambo wanaokuja kutazama karakana ya wafungwa. Mimi, Ojok, nimeomba. Janepher, tunayelinda naye lango la gereza hapa, ameomba pia. Simwogopi. Kiingereza chake ni cha kusomea Biblia kanisani, neno zima baada ya neno zima, kama mtu anayevuka matope.

Lazima niipate. Mke wangu Racheal anafundisha Budondo, karibu na Jinja, nami niko huku chini ya Mlima Elgon nikilinda lango. Likizo iliyopita mwanangu Emma alimwuliza mama yake, yule mgeni ataondoka lini. Mgeni ni mimi.

Jumanne, 4 Machi.

Nimekwenda kwa Alfayo, anayeonyesha filamu kibandani pale sokoni. Amesema kosa la watu wa hapa ni kumaliza maneno. Mzungu hamalizi. "I am going to" kwake ni "gonna". "I want to" ni "wanna". Asipojua kitu anasema "dunno" na kuendelea na maisha yake. Nikizungumza hivyo, amesema, watadhani nimeishi Marekani. Nimempa trei ya mayai kwa somo hilo.

Alhamisi, 6 Machi.

Mazoezi tangu asubuhi. Nimemwambia mfungwa mmoja, "You gotta sweep." Akanitazama kwa huruma, akaniuliza kwa Kiswahili kama jino linaniuma. Janepher amenishauri nipige sare pasi, nipumzike. Ushauri wa mpinzani! Sikupumzika.

Nimegundua pia jambo kubwa ambalo Alfayo hakunifundisha. Kwenye filamu zake hakuna anayemaliza kila jibu kwa "afande". Wamelikata na hilo! Sisi tumelizoea tangu mafunzoni. Hata Racheal akiniamsha humjibu hivyo. Kesho nalikata.

Ijumaa, 7 Machi. Jinja.

Nimeitwa kwanza. Nyuma ya meza, Afande Masinde, mkubwa wa gereza. Kando yake, karani wake Mastula. Nikaulizwa nitafanya nini mgeni akitaka kuwapiga picha wafungwa. Nikalegeza bega moja, kama kwenye filamu. Nikasema, "Dunno. I'm gonna tell him he gotta stop."

Mastula alikuwa akinichezeshea midomo, nikadhani ananitia moyo. Afande Masinde akaweka kalamu chini, akaacha Kiingereza.

"Wewe askari, unaongea na nani?"

Nikamjibu, "You."

Akauliza tena, polepole zaidi. Mwanamume harudi nyuma. Nikamjibu tena, "You," safari hii kwa tabasamu. Nikaamriwa kutoka. Janepher akaingia. Kupitia mlango nilisikia viatu vyake vikigonga sakafu, halafu afande, afande, afande, kila baada ya maneno matatu. Nilimhurumia.

Jioni nimepanda boda hadi Budondo. Racheal amekwisha kununua godoro la watu watatu. Emma alijificha nyuma yake, kisha akatoka taratibu akanishika kidole. Niliwaambia mambo yamekwenda vizuri.

Jumamosi, 8 Machi. Mbale.

Siku ya Wanawake. Janepher ameipata. Nimesikia nikiwa ndiyo kwanza nimeshuka kwenye basi. Mastula mwenyewe ndiye aliyenipigia simu, kwa sauti ya msibani.

Kumbe nafasi ilikuwa yangu. Afande Masinde alikuwa amenichagua mapema kwa ajili ya mke na mtoto. Maswali yalikuwa desturi tu. Nilitakiwa kusimama wima na kujibu kama askari, basi. Mastula anasema alikuwa akinitajia "afande" kwa midomo mpaka taya likamuuma. Nimekaa kitandani na viatu vyangu. Inaniuma sana. Nimempigia Racheal, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba duka halirudishi godoro.

Jumapili, 9 Machi.

Mungu si Athumani! Mastula amepiga tena. Kumbe anahitajika askari wa pili pia. Afande Masinde yuko tayari kusahau, mradi kesho asubuhi niende kumwomba radhi. Nisimame wima, nimwombe kwa Kiswahili, nitoke. Mastula amenisihi nisiongeze kitu. Racheal amenisihi pia. Emma ameshachagua upande wake wa godoro, na amesema upande wa pili ni wa mgeni.

Lakini katika kumsifu mkubwa wake, Mastula aliteleza akataja kwamba mzee aliwahi kusomea kozi Uingereza. Uingereza! Sasa nimeelewa kila kitu. Kosa langu lilikuwa Marekani.

Nimekimbia kwa Alfayo na trei ya pili. Waingereza nao hukata, amesema, ila kwa njia yao. Kesho nitaingia, nitalegeza bega na kusema, "Sorry, mate." Kwenye filamu nimesikia walevi wa baa wakiitana hivyo, lakini Alfayo anasema Waingereza humwita hivyo mtu wanayemheshimu kupita wote. Nimelijaribu mbele ya kioo. Linakaa vizuri kabisa pale palipokuwa pa "afande".