Garaji ya Mbele

Jumatatu, 8 Oktoba 1956

Mungu asifiwe! Bwana Adalbert anarudi Ulaya kabisa kabisa, na motokari yake haiendi naye. Imezeeka. Ataiacha kwa mumoja wetu: mimi Mutale, ao Stanislas, karani wake wa duka, jirani yangu hapa Katuba. Stanislas anajua hesabu. Mimi najua motokari. Kwa kweli kazi yangu ni kuiosha, lakini muntu wa kuosha anafika pahali dereva hafiki.

Sharti ni moja. Bwana hataki mutoto wake alale ku mvua (ndivyo anaiita, mutoto). Mwenye kumuletea ruhusa ya mji ya kujenga garaji kabla ya Jumamosi saa sita, motokari ni yake. Tukifika na ruhusa sisi wote, ataangalia nani iko na garaji nzuri.

Nyumba ya Stanislas iko ku kona, garaji itasimama pembeni bila shida. Yangu iko katikati. Pembeni panapita kinga tu (baiskeli), tena kinga nyembamba. Basi garaji itasimama mbele, karibu na mulango, bantu bote baione. Vizuri zaidi! Asante Mungu kwa nyumba ya katikati.

Nimekwisha kubaambia bepwa yangu, batoto ba dada yangu, ku bara ya pombe. Bamepigia mujomba wao makofi: Yama! Yama! Motokari bado, lakini tumeisha kuinywia.

Jumanne, 9 Oktoba

Biro ya mji. Muzungu kijana, pua imeungua na jua. Niliona amechoka, nikamuchangamusha. Nikamuelezea namna nilileta lori kutoka Kasenga bila breki, nikienda kinyumenyume, simba amekaa juu ya samaki. Alisikiliza yote. Kisha akasema hapana. Mbele ya nyumba ni pa maua. Hapana garaji, hapana duka. Nikamuuliza kama motokari iliyooshwa vizuri haipiti ua kwa uzuri. Akasema hapana tena, lakini kwa upole! Sijapata kukatazwa vizuri namna ile. Na karani wake Bwalya alinisindikiza mpaka mulangoni, akasema nisipoteze moyo, Ijumaa batapita Katuba kuangalia nyumba. Muntu mwema sana.

Muke yangu Marceline aliuliza. Nikasema mambo inaenda. Akauliza inaenda wapi.

Jumatano, 10 Oktoba

Akili! Muzungu anataka maua? Atapata maua. Nimesimika miti ine mbele ya nyumba, upana wa motokari na milango yake ikifunguka. Juu fito. Juu ya fito bugenvilia, matawi na matawi, zawadi ya mapadri wa misioni, Mungu abazidishie. Kwa macho ya muzungu: bustani. Siku ya kuingiza motokari: garaji.

Stanislas alinikopesha ngazi, akaishika nisianguke. Masikini, hajui anasaidia adui. Akasema, kama kwa kaka mukubwa, Yaya Mutale, kivuli hiki kizuri, muntu anaweza kulala hapa. Nilicheka sana ndani ya moyo.

Alhamisi, 11 Oktoba

Hasara! Lori ya samaki imetoka Kasenga, imesimama mbele ya lupango, kiwanja cha nyumba yetu. Ameshuka mama mukwe! Na mukeka, na vikapu vya samaki wakavu. Habari hakutuma. Akaangalia lupango yote, akaona kivuli, akatandika mukeka mule kabisa, katikati ya miti yangu ine.

Nani atamuondoa? Mimi siwezi. Kwetu muntu haangalii mama mukwe usoni, hataji jina lake, hapiti karibu naye, hasemi naye. Chini ya paa moja la malata naye, hata! Nilikuwa na muguu mumoja nje. Nikarudi ndani kama mujusi, nikatokea ku dirisha la nyuma. Si woga. Ni heshima. Simba nilimukazia macho. Mama mukwe, hapana.

Nikamutuma Marceline amuambie mama kwamba kwa Stanislas iko kivuli kinene zaidi. Akarudi na jibu. Mama anashukuru sana. Tangu aoze mabinti yake, hajaona mukwe anayemutengenezea kivuli kabla hajafika. Bamama wa barabara nzima bamekuja kumusalimia, na bote banasema niko mukwe wa ajabu. Ni kweli, nilikuwa sijui. Machozi ilinitoka.

Lakini kesho Ijumaa. Hakuna Ijumaa, hakuna motokari.

Samaki tamu. Nilikula peke yangu ku jikoni.

Ijumaa, 12 Oktoba

Bamefika: muzungu wa pua, Bwalya, na kamba ya kupimia. Mama mukwe iko pa mukeka. Mimi niko nyuma ya pazia. Maneno yote ya bustani niko nayo tayari, nani atayasema? Nikamupigia Marceline kelele: baambie ni bustani! Akabaambia. Muzungu akauliza kwa nini bustani iko na mama ndani. Nikapiga kelele: anamwagia maua maji! Hiyo Marceline hakuipeleka. Muzungu akaomba mwenye nyumba atoke. Nikasema Baba Jeannot (ndiye mimi, kwa jina la mutoto wangu) mugonjwa wa miguu. Muzungu akauliza ni miguu ya nani basi inatembeatembea chini ya pazia.

Hapo mama mukwe akafungua kinywa. Akamuambia mutoto huyu wa bazungu aache kusumbua mukwe yake. Akasema: Mukwe hawezi kutoka sababu mimi niko hapa. Mimi siwezi kuingia sababu yeye iko kule. Basi mukwe mwenye akili ananijengea nyumba yangu mbele. Ulitaka nilale wapi, pa barabara? Wewe mama yako unamulalisha wapi?

Bwalya akatafsiri. Akatafsiri kirefu kupita alivyosema mama. Nadhani yeye pia iko na mama mukwe. Muzungu akakuna ile pua. Kisha akasema sheria inakataza garaji. Mama mukwe, sheria haikumufikiria. Akauliza upana. Mama akasema pana, sababu ya vikapu. Bwalya akapima ku miti yangu. Upana wa motokari! Muhuri pale pale!

Karatasi inasema nyumba ndogo ya mama mukwe. Neno tu hilo. Upana ndio kitu. Nilicheza chumbani mpaka pazia ikaanguka. Asante mama. Asante vikapu.

Jumamosi, 13 Oktoba

Nilifika kwa Bwana Adalbert kabla ya Stanislas. Nikatoa karatasi kwa mikono miwili. Akaisoma. Akauliza motokari ikiingia, mama mukwe atalala wapi. Nikasema batazoeana. Akacheka mpaka kukohoa, akamuita madamu aje asikie. Sijapata kumufurahisha namna ile, na siku za mwisho muntu anahitaji furaha.

Stanislas akafika na karatasi yake ya garaji ya kona. Funguo akapata yeye.

Nikakumbuka honi ya mupira, ile niliyobeba nyumbani kuing'arisha. Bwana akasema ikae kwangu, ya ukumbusho, akanipa mukono. Sasa fikiri. Honi ni sauti ya motokari. Stanislas ana mwili, mimi nina sauti. Mungu anagawanya vizuri.

Jumatano, 17 Oktoba

Bepwa bamefyatua matofali, kuta zinapanda, mama mukwe anasimamia. Na mimi natoka ku mulango wa mbele kama mukubwa! Nafinya honi: paa! Mama anageukia ukuta. Napita. Anasema heshima kama hii, yenye kusikika mbali, Kasenga haiko.

Jumatatu polisi alimusimamisha Stanislas: motokari bila honi haitembei. Akaja kwangu, Yaya Mutale, unisaidie. Sikusita, mimi si muntu wa kinyongo. Kila asubuhi nakaa karibu naye mpaka mujini, ku kila kona nafinya. Bepwa yangu bananiona. Nimebaambia Stanislas ni dereva wangu. Alisikia, hakukataa. Jirani wa namna hii unamupata wapi?

Jumapili, 21 Oktoba

Nimefikiri wakati wa misa. Mvua imeanza, malata yangu inavuja, kutu itakula honi. Honi inaomba garaji. Na mbele ya nyumba ya mama mukwe imebaki nafasi, mpaka karibu na barabara! Kesho biro, kwa yule muzungu mupole. Bugenvilia mapadri bamenipa tena, ngazi Stanislas ameleta mwenyewe. Miti ine imesimama, kivuli kinapita kile cha kwanza.

Safari hii hakuna wa kunizuia. Mama mukwe hatoki kwake. Anapika tu, anamungojea dada yake. Dada huyo anashuka kesho na lori ya samaki.