Geti Langu la Makongeni

Jumamosi, 7 Juni

Leo tulienda Theta kufungua nyumba mpya ya Ngigi. Ndiye aliyekuwa jirani yangu hapa Makongeni miaka yote, tukicheza drafti jioni kwenye benchi niliyoiunda kwa mikono yangu. Sasa amejenga! Ukuta mrefu, geti jeusi, kengele inayoimba ukiibonyeza. Pasta Jared aliombea kila chumba, sisi tukimfuata na soda mkononi. Hata choo kiliombewa. Sikusema amina. Nilikuwa nawaza.

Nimegundua kwa nini siku hizi watu hawana raha. Mashamba ya kahawa yamekuwa maghorofa, dunia inakimbia, na mimi bado Kamene wa mlango wa pili ananiomba chumvi. Mtu atapataje raha hivyo? Ngigi haombwi chumvi na mtu. Siri ni ukuta.

Mutheu, mke wangu, anasema Ngigi alionekana mpweke. Wivu unamsumbua.

Jumatatu, 9 Juni

Kazi ya ukuta imeanza! Shemeji yangu wa Ruiru amenipa mabati ya zamani. Mwenye ploti, tunayemlipa kodi sote, alisema nifanye nitakavyo mradi bomba la maji libaki nje, watu wachote.

Kamene aliuliza kama nataka kufuga kuku. Nikaendelea kupiga misumari. Mwau, fundi wa baiskeli, aliuliza tutachezea wapi drafti, maana benchi iko pale pale ukuta unapopita. Nikamwambia aivushe kwa Kamene. Aliivusha polepole, akinitazama. Maendeleo yana gharama zake.

Jumatano, 11 Juni

Ukuta umesimama! Geti lina kufuli. Kengele niliipata Ruiru, inaimba wimbo wa Krismasi.

Dosari ndogo: mlango wa nyumba sasa unafunguka nusu, unagonga mabati. Napita kiubavu. Mutheu naye anapita kiubavu na ndoo, akisema maneno ambayo sitayaandika. Akienda bombani harudi upesi. Leo ugali wa kujipikia ulinishinda, nikala mkate.

Kengele haijalia hata mara moja. Hakuna aliyeomba chumvi. Ushindi mtupu! Jioni nilicheza drafti peke yangu. Nilishinda.

Jumamosi, 14 Juni

Siku kuu. Kufungua geti! Niliwaalika wote, Ngigi kwanza, aje aone. Alifika mapema kuliko wapishi, na kreti ya soda.

Sikuwa nimepima vizuri. Kati ya ukuta na mlango tulitoshea Pasta Jared, mimi na sufuria ya pilau. Wengine walibaki nje. Pasta akaombea geti, kisha kufuli, kisha kengele, amina zikatoka upande wa pili wa mabati. Halafu akatoka kiubavu kutafuta soda. Hakurudi. Baadaye Mutheu aliomba nimpitishie sufuria juu ya geti. Nikampa. Nikabaki mimi na kufuli iliyobarikiwa.

Nilichungulia kwenye tundu la msumari. Ngigi alikuwa amevua viatu, amekaa kwenye benchi yangu, anacheza na Mwau. Kamene anamwongezea chai. Roho iliniuma, nakubali. Ile nafasi aliyokalia ni yangu.

Mara kengele ikalia! Mgeni wangu wa kwanza! Nikahesabu pumzi kidogo, nisionekane mtu mwenye haraka, kisha nikasogea getini. Alikuwa Ngigi, miguu mitupu.

“Baba Mumo, toka basi tucheze,” akasema. “Huko Theta naongea na mbwa peke yake. Na mbwa mwenyewe hanipendi.”

Ujanja huo! Ameona geti langu, limemkosesha usingizi, sasa anataka nitoke ili lionekane halina mwenyewe. Nikamwambia mtu mwenye geti hatoki ovyo ovyo. Akasema sawa, akarudi kwenye benchi. Nimemshinda Ngigi mchana kweupe, watu wakishuhudia!

Jumapili, 15 Juni

Habari kubwa. Ngigi amerudi baada ya kanisa na kumuuliza mwenye ploti kama kuna chumba kitupu hapa kwetu. Mtu wa Theta! Ameacha ukuta wa mawe kuja kuishi karibu na wangu wa mabati. Kuna ushindi kupita huo?

Mutheu yuko kwenye benchi tangu chakula cha mchana. Nilimwita arudi ndani tufurahie ukuta wetu. Alisema nikitaka kumwona, nje ni palepale.

Nilitoka kiubavu, nikabonyeza kengele mwenyewe, nikaingia haraka kuuliza ni nani. Kengele nzuri sana.

Raha yangu ingekuwa kamili, ila kuna kitu kimoja. Kicheko chao kinapenya. Cha Mutheu nakijua hata usingizini, na sijakisikia hivyo siku nyingi. Nimekaa nyuma ya mabati nikikisikiliza mpaka giza likaingia.

Nimepata dawa. Kesho alfajiri naenda Ruiru kwa shemeji. Naongeza mabati.