Amplifaya Yangu na Sendofu ya Debora

Jumatatu, 4 Agosti

Nimenunua amplifaya! Ya mtumba, kutoka Bunda, nzito kama gunia la pamba lililonyeshewa. Muuzaji kasema imetoka Marekani. Nikamjibu kwamba inaonekana kwa macho.

Jumamosi ni sendofu ya Debora, binti wa kaka yangu Magesa: tunamuaga kule Butiama kabla ya harusi yake. Sherehe zote za huku muziki anapigaga Clementi wa Musoma. Clementi, Clementi! Nimempigia simu Kaka Magesa: muziki ni zawadi yangu, Clementi akae kwake. Akauliza kama nimeijaribu. Nikacheka kicheko cha mtaalamu.

Nimerudi nayo nyumbani Murangi kwa bodaboda, nimeipakata kama mtoto mchanga.

Jumanne, 5 Agosti

Tatizo. Plagi yake ina meno mawili bapa. Soketi yetu ina matundu matatu. Hawa Wamarekani hawakutufikiria kabisa.

Lakini waya unachomoka kwa nyuma, na waya wa birika la umeme la mke wangu Hyasinta umeingia hapo hapo, tii! Nyuma pameandikwa volti 110. Umeme wetu ni 230. Nikapiga hesabu: yenyewe inaomba kidogo, sisi tunaipa mwingi. Itashiba na kusaza!

Nimeweka kidole kwenye swichi, umeme ukakatika Murangi nzima. Mkosi! Uliporudi, Hyasinta alishauchukua waya wake, anachemsha maji ya chai. Kasema kwanza nimuulize mtu anayejua.

Jumatano, 6 Agosti

Bunda tena, na amplifaya mapajani. Nimeingia duka la vifaa vya umeme la dada Raya kununua waya tu. Akaigeuza, akasoma nyuma, akauliza nilitaka kuichomeka wapi. Ukutani, nikasema. Akashika kichwa.

Akaeleza. Umeme wetu ungeiunguza palepale. Waya kuingia si kitu, volti ndiyo ya kutazama. Inataka transfoma ya kushusha umeme, na kwa kuwa inakula wati 400, nichukue ya wati 1,000 ili isizidiwe. Waya uwe mnene, wenye nyaya tatu ndani, ule wa tatu uende ardhini nisipigwe shoti. Nikaitikia kwa kichwa kila neno. Volti, wati, ampea. Mimi nilijuaga ampea ni kifupi cha amplifaya!

Transfoma ya wati 1,000 ni mbaya, ina rangi ya sufuria kuukuu. Kando yake kulikuwa na ndogo nzuri, ina taa ya bluu. Raya akasema ile ni ya wati 100, ya mashine ya kunyolea. Nikamwahidi nitaitumia polepole. Akakataa kabisa kuniuzia.

Nimeinunua duka la pili. Mwenye duka hakuuliza kitu. Huyo ndiye mfanyabiashara.

Alhamisi, 7 Agosti

INAPIGA! Nimechomeka amplifaya kwenye transfoma, transfoma ukutani. Plagi ya transfoma nayo ina meno mawili, ila ukisukuma kijiti kwenye tundu la juu inaingia vizuri tu. Sauti nimeweka chini. Hyasinta kacheza na mwiko mkononi, halafu akagusa amplifaya, akaruka. Kasema inang'ata. Nikamweleza kwamba hiyo ni besi.

Kuanzia sasa naigusa nikiwa na ndala. Transfoma ina joto kidogo. Nadhani inafurahi.

Ijumaa, 8 Agosti

Butiama. Na nani kakaa kwenye kivuli cha turubai anakunywa soda? Clementi! Kaka Magesa kasema alimbakiza wa akiba, nisikasirike. Sikukasirika. Nimekula kidogo tu, sahani mbili.

Clementi akaja kutazama mtambo wangu. Akauliza kwa upole, "Bwana, ardhi yako iko wapi?"

Nikamjibu iko Murangi, ekari moja na nusu, na nina hati. Akarudi kwenye soda yake. Bila shaka wivu.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijui niandikeje.

Debora alisimama mlangoni na gauni lake la kijani. Wakwe kutoka Kisorya wamekaa wote. MC akaniashiria. Nikapandisha sauti hadi mwisho, maana Clementi alikuwa anatazama. Wimbo ukaanza. Debora akanyanyua mguu wa kwanza.

Harufu ikaja. Kisha moshi mweupe. Kisha muziki ukafa, na kitambaa cha mapambo kikashika moto. Mtu mmoja akakimbilia ndoo ya maji. Clementi akapiga kelele asimwage, kuna umeme! Hyasinta akazima swichi ya ukutani, Kaka Magesa akaking'oa kile kitambaa na kukikanyaga. Hakuna aliyeumia, Mungu mkubwa.

Debora alikuwa bado kasimama, machozi yanamlenga. Huyu mtoto nilimbebaga mgongoni kumpeleka zahanati. Nilitamani ziwa linimeze.

Ndipo Hyasinta akapiga kigelegele, peke yake. Akina mama wakampokea, wakaanza kuimba na kupiga makofi. Debora akaingia kwa makofi hayo, anacheza, anacheka. Akanipitia, akanishika bega.

Baadaye Clementi alipiga hadi mwisho. Amepiga vizuri. Nimeandika hilo mara moja tu, sirudii.

Jumapili, 10 Agosti

Nimemwomba Kaka Magesa msamaha. Kanisamehe, ila kasema transfoma niifukie.

Mchana simu kutoka kwa mjomba wa bwana harusi. Nikajiandaa kutukanwa. Kumbe wakwe wameusifu sana ule moshi! Hawajawahi kuona bibi harusi akiingia namna ile. Wanataka nije na moshi uleule kwenye harusi yenyewe, Kisorya, mwezi ujao. Clementi hana moshi!

Hyasinta kasema nisikanyage Kisorya kabla sijanunua transfoma ile kubwa kwa Raya. Nikamweleza taratibu, maana mambo ya umeme yanamchanganya: ile kubwa haitoi moshi.